Mnyama Kalala, Ganzi ya Nini? Neva za Mdomo na Namna Zinavyozimwa

Mwenye mbwa akiandikiwa gharama za kung'oa gego bovu, kuna mstari mmoja unaomshangaza. Dawa ya usingizi imo, picha ya eksirei imo, vidonge vya maumivu vya kwenda navyo nyumbani vimo, kisha chini yake kuna sindano ya ganzi. Anauliza, na ana haki ya kuuliza: mnyama analazwa fofofo, hatasikia kitu wala hatakumbuka kitu, ganzi ya nini tena? Wapo hata madaktari wanaoiruka kwa hoja hiyohiyo. Naamini wanakosea, na nitajaribu kueleza sababu kwa msomaji ambaye hajawahi kushika bomba la sindano.

Usingizi hauzimi neva

Nusukaputi inazima ufahamu. Gesi ya isoflureni inayovutwa kwa mpira uliopitishwa kooni, au propofoli inayosukumwa mshipani, inauondolea ubongo uwezo wa kutambua kwamba kuna kinachouma. Neva zenyewe zinaendelea na kazi. Wembe unapogusa ufizi, ujumbe unaondoka kwenye ufizi kama ambavyo ungeondoka mnyama akiwa macho, unafika kwenye shina la ubongo, na mwili unajibu: moyo unapiga kwa kasi, pumzi zinakwenda mbio, presha inaruka. Anayesimamia usingizi akiona hivyo hufanya kile anachoweza kukifanya haraka, anaongeza gesi.

Hapo ndipo hatari inapoingia. Isoflureni ikizidi hulegeza mishipa ya damu, presha huporomoka na pumzi hupungua. Mbwa kijana mwenye afya atavumilia. Lakini meno mabovu ni ugonjwa wa wazee, na mgonjwa wa kawaida wa meno ni mbwa wa miaka 12 mwenye figo zilizochoka na vali ya moyo inayovuja. Figo za mbwa huyo zikikaa saa mbili kwenye presha ya chini, anaweza kurudi nyumbani bila jino bovu lakini na figo mbovu zaidi. Neva ikizimwa kabla ya wembe kugusa ufizi, moyo unabaki ulipokuwa na gesi inapunguzwa. Kwa mzee huyo, sindano ndogo kwenye taya imefanya kazi ya kulinda figo.

Kuna madhara mengine yasiyoonekana mezani. Seli za shina la ubongo zinazopokea taarifa za uso na mdomo, zikipigwa na ujumbe wa maumivu mfululizo, hubadilika tabia na kuwa nyepesi kushtuka. Kichocheo kidogo kinazaa jibu kubwa, hata mguso wa kawaida unaanza kuuma. Mnyama anazinduka akiwa na mfumo wa neva uliokwisha kuchokozwa, na dawa atakayopewa baada ya hapo inakimbizana na maumivu yaliyotangulia. Ganzi inayowekwa baada ya kung'oa inasaidia, lakini inayowekwa kabla inasaidia zaidi, kwa sababu ujumbe huo haufiki kwenye shina la ubongo tangu mwanzo.

Dawa yenyewe inafanya nini

Ujumbe wa neva ni wimbi la umeme linalosafiri kwa sababu chembe za sodiamu zinaingia ndani ya uzi wa neva kupitia vijitundu maalumu. Lignokeini, ambayo kwenye chupa nyingine imeandikwa lidokeini, na mwenzake bupivakeini, huziba vijitundu hivyo. Sodiamu ikikosa njia, wimbi linafia hapohapo. Ila vijitundu hivyo huzibwa kutokea ndani, kwa hiyo dawa sharti kwanza ipenye utando wenye mafuta unaouzunguka uzi wa neva, na inayopenya ni ile sehemu ya dawa isiyo na chaji ya umeme. Nyama iliyovimba na kutunga usaha huwa na tindikali, na tindikali huipa sehemu kubwa ya dawa chaji. Dawa inabaki nje ya neva. Unaweza kuchoma sindano tatu kuzunguka jino lenye jipu, na jino likaendelea kuuma.

Hii ndiyo sababu kubwa ya kuizima neva mbali na jino. Fundi bomba akiitwa kwenye nyumba inayovuja kila mahali hahangaiki na jikoni, bafuni na uani kimojakimoja. Anafunga koki iliyo karibu na mita, nyumba nzima inakauka. Neva ya taya nayo inazuiwa kabla haijagawanyika kwenda kwenye kila jino, mahali penye nyama safi, kwa dawa isiyofika hata nusu ya kijiko cha chai. Kwa taya la chini la mbwa kuna sababu ya pili: ganda la mfupa ni nene na gumu, na dawa inayomwagwa nje yake hupenya kwa shida hadi kwenye mizizi.

Wanyama wamo katika historia hii tangu siku yake ya kwanza. Mwaka 1884 huko Vienna, daktari kijana Carl Koller alidondoshea kokeini kwenye jicho la chura, kisha la sungura na la mbwa, akaona jicho halishtuki linapoguswa. Baada ya hapo ndipo akajaribu kwenye jicho lake mwenyewe. Kabla ya mwaka huo kwisha, William Halsted wa New York na wenzake walikuwa wanachoma kokeini karibu na neva ya taya la chini, na meno ya upande mzima yanakufa ganzi. Halsted alilipa gharama kubwa, akawa mtumwa wa kokeini. Dawa salama zaidi zilikuja baadaye: lignokeini ilitengenezwa Sweden na Nils Löfgren mwaka 1943, ikaingia sokoni 1948, na bupivakeini ikazaliwa hukohuko Sweden mwaka 1957. Mbili hizi ndizo tunazozitegemea hadi leo. Lignokeini inashika ndani ya dakika chache na kuisha baada ya saa moja au mbili. Bupivakeini inahitaji kusubiriwa, wakati mwingine hadi dakika 20, lakini inadumu saa nne hadi sita, pengine zaidi.

Wapo wanaozichanganya kwenye bomba moja wakitumaini kupata haraka ya ile na udumifu wa hii. Kwa maoni yangu ni bora kuacha. Kila moja inaizimua nyenzake, muda wa bupivakeini unapungua, na sumu zao zinajumlishwa. Mnyama ameshalala, dakika 15 za kusubiri zinaweza kutumika kupiga eksirei na kukwangua ugaga, ule uchafu mgumu ulioganda kwenye meno.

Matundu ya fuvu

Chukua fuvu la mbwa la kufundishia, kama yale wanayoyasoma wanafunzi wa udaktari wa mifugo pale Morogoro na Kabete, ulishike mkononi. Kila upande wa kichwa una neva ya tano ya kichwa, ambayo ndiyo inayobeba hisia karibu zote za uso. Inagawanyika matawi makubwa matatu: la jicho, la taya la juu na la taya la chini. Mfugaji aliyewahi kuona ndama akichomwa sindano nyuma ya jicho kabla ya kuondolewa vichipukizi vya pembe ameshaiona neva hiyohiyo ikizimwa, kwenye kitawi chake kinachokwenda pembeni. Chupa ya lignokeini ya asilimia 2 basi si kitu kigeni kwa daktari wa mifugo wa Afrika Mashariki. Jambo ambalo mara nyingi halijazoeleka ni kuitumia mdomoni, na anayetaka kuitumia mdomoni lazima ayajue matundu ya mifupa.

Geuza fuvu ulitazame ubavuni. Juu ya magego, mbele ya jicho, utaona tundu linalotosha kuingia kalamu kwa mbwa mkubwa. Neva ya taya la juu inatokea hapo kwenda kwenye mdomo wa juu na pua. Lakini hapo ni mwisho wa safari yake. Imeanzia nyuma, kwenye bonde lililo chini ya jicho, na kabla hata ya kuingia ndani ya mfupa imeshatoa matawi ya kaakaa na ya magego ya mwisho. Kisha inaingia kwenye mfereji, na humo ndani inaendelea kugawa nyuzi kwa meno yaliyobaki. Ukiuelewa mpangilio huu umeelewa nusu ya somo: dawa ikikaa kwenye mlango wa mbele wa mfereji, inayapata meno ya mbele, chonge na magego madogo ya mwanzo, ikifika nyuma ya mfereji, inalipata taya la juu zima la upande ule.

Kwa mbwa tundu la mbele linapatikana kwa kidole. Unainua mdomo wa juu, unapitisha ncha ya kidole kwenye ufizi juu ya mzizi wa nyuma wa gego la tatu kuhesabu kutoka kwenye chonge, na unakutana na kibonyeo chenye ukingo mgumu. Chini ya kidole kuna kamba laini inayoteleza ukiisukuma juu na chini. Hilo ni fungu la neva pamoja na mshipa wake wa damu. Sindano inaingia mbele kidogo ya kibonyeo, ikilala sambamba na kaakaa, ikielekea nyuma. Haisukumwi kwa nguvu. Ikigoma inarudishwa na kuelekezwa upya, kwa sababu kinachogomea huenda ni ukuta wa mfereji, au ni neva yenyewe. Baada ya kutoa dawa, kidole kinabana tundu kwa muda wa kama dakika moja ili dawa irudi nyuma ndani ya mfereji badala ya kumwagika mdomoni. Watu wenye haraka huiruka hatua hiyo, kisha wanailaumu dawa.

Jino linalonufaika zaidi na sindano hii, dawa ikirudi hadi nyuma ya mfereji, ni lile gego kubwa la juu la kukatia mifupa, la nne kuhesabu kutoka kwenye chonge. Lina mizizi mitatu, na mbwa wanaopewa mifupa migumu hulipasua bamba la ubavuni hadi kiini kikabaki wazi. Usaha wake hautokei mdomoni. Unatokea shavuni, chini kidogo ya jicho, na mwenye mbwa huleta mnyama akiamini amechomwa na mwiba au ameumwa na nyuki. Uvimbe unapungua kwa antibiotiki, unarudi, unapungua tena, na miezi inapita. Kung'oa jino hilo ni kazi ya kukata ufizi, kuondoa mfupa, kulipasua jino vipande vitatu na kutoa kila mzizi peke yake. Sioni namna ya kuifanya kazi hiyo bila ganzi na ukasema umemtendea mnyama haki.

Taya la chini lina hadithi yake. Neva inaingia ndani ya mfupa upande wa ndani, unaoelekea ulimi, katikati ya gego la mwisho na ile pembe ya taya inayochomoza nyuma. Kuanzia hapo inasafiri ndani ya mfupa chini ya mizizi ya meno yote, na kutokea mbele, chini ya magego ya kwanza, kupitia vitundu vya kidevuni. Mbwa ana vitatu kila upande, cha kati kikiwa kikubwa. Wapo wanaopenda kuchoma hapo kidevuni kwa sababu ni rahisi kupafikia. Kwa mdomo wa chini na meno madogo ya mbele huenda ikatosha. Kwa chonge haitegemeki: mzizi wa chonge la chini ni mrefu na umepinda kwenda nyuma chini ya magego ya mwanzo, na dawa inayowekwa mlangoni haina uhakika wa kurudi ndani kiasi hicho. Chonge la chini lizimwe kutokea nyuma.

Kuizima neva kutokea nyuma kunahitaji mikono miwili iongee. Kidole cha mkono mmoja kiko ndani ya mdomo, nyuma ya gego la mwisho, kikipapasa ukuta wa ndani wa taya hadi kiguse kibonyeo au uzi wa neva unaoingia. Kwa mbwa wa wastani unausikia waziwazi. Kwa paka mara nyingi husikii kitu, unategemea vipimo. Mkono wa pili unaingiza sindano kutoka nje, kwenye ngozi iliyonyolewa na kusafishwa, pale ukingo wa chini wa taya unapobonyea mbele ya pembe. Sindano inakwangua mfupa upande wa ndani ikipanda juu hadi kidole kilicho mdomoni kiisikie ncha inakaribia. Hapo ndipo dawa inatolewa. Ipo pia njia ya kupitia ndani ya mdomo, na wengine wanaipenda zaidi. Mimi naona aliyejifunza moja vizuri abaki nayo mpaka mkono uzoee.

Hapa kuna jirani wa kuogopwa. Neva ya ulimi ni tawi la neva hiyohiyo ya taya la chini, inaachana nayo kabla haijaingia mfupani na kupita karibu sana. Dawa ikiwa nyingi, au ikimwagwa nyuma mno, ulimi nao unakufa ganzi. Mnyama anayezinduka na ulimi usio na hisia anaweza kuutafuna bila kujua, na majeraha yanayotokana na hilo ni mabaya kuliko jino lililong'olewa. Kinga yake ni dawa kidogo mahali sahihi, na mtu wa kumkalia mnyama hadi awe amesimama na kumeza mate yake mwenyewe. Wapo wasiokubali kabisa kuzima pande zote mbili za taya la chini kwa siku moja. Kwa kipimo kidogo, na kwa uangalizi huo, naona inafanyika, na paka anayeng'olewa meno yote kwa ugonjwa sugu wa fizi anaihitaji.

Hesabu ya miligramu

Dawa inayookoa ndiyo inayoua ikizidi, na mnyama mdogo ndiye aliye hatarini. Mipaka inayotumiwa sana kwa bupivakeini ni miligramu 2 kwa kila kilo ya mbwa, na miligramu 1 kwa kila kilo ya paka. Chupa ya asilimia 0.5 ina miligramu 5 katika kila mililita. Mbwa wa kilo 20 basi ana ruhusa ya miligramu 40, yaani mililita 8, na kwa kuwa kila mahali panahitaji nusu mililita hadi mililita moja, hakuna wa kukaribia mpaka huo. Sasa mpime paka wa kilo 4. Ruhusa yake ni miligramu 4, yaani mililita 0.8 kwa mdomo mzima. Ukigawa kwa robo nne za mdomo unapata mililita 0.2 kila mahali. Hakuna nafasi ya kukisia kwa macho. Mpime kwa mizani siku hiyohiyo, andika kiwango cha juu kwenye karatasi ya usingizi kabla ya kufungua chupa, na utumie bomba la mililita 1.

Kuna jambo la kutisha zaidi. Kwa kukosa dawa nyingine, mtu anaweza kuchukua kifuko cha kioo cha daktari wa meno wa binadamu. Kile cha kawaida cha mililita 1.8 chenye lignokeini ya asilimia 2 kina miligramu 36. Paka wa kilo 4 akipewa chote amepata miligramu 9 kwa kilo, wakati paka hapaswi kuzidi 4, na wengi husimamia chini ya hapo. Juu ya hayo, vifuko vingi vina adrenalini, ambayo inabana mishipa ili ganzi idumu, lakini ikiingia kwenye damu inaukimbiza moyo. Kifuko kinachomtosha mtu mzima kwa jino moja ni sumu kwa paka.

Sumu hiyo inapotokea, mnyama aliye macho angeanza kwa kutetemeka misuli na kupata degedege. Mnyama aliye kwenye nusukaputi haonyeshi hayo. Ishara ya kwanza utakayoiona ni moyo wenyewe: mapigo yanapoteza mpangilio, presha inaanguka. Bupivakeini ikiingia mshipani ni mbaya kuliko lignokeini, kwa sababu inaganda kwenye misuli ya moyo na haibanduki upesi. Dawa ya kuiokoa hali hiyo ipo, ni mafuta ya kuingizwa mshipani ya asilimia 20, yaleyale wanayolishwa wagonjwa wasioweza kula, lakini si kila kliniki inayo. Kwa hiyo kabla ya kusukuma dawa, kijiti cha bomba kinavutwa nyuma kwanza. Damu ikionekana, sindano inatolewa. Isipoonekana, sindano inazungushwa robo mduara na kuvutwa tena, maana ncha inaweza kuwa imeegemea ukuta wa mshipa. Neva hizi zinasafiri na mishipa ya damu ndani ya mfereji mmoja, na kila anayechoma hapo anachoma jirani ya damu.

Na mtu atajuaje kwamba ganzi imeshika, ilhali mgonjwa hasemi? Kwa kuitazama mashine. Wembe unapita kwenye ufizi na mapigo yanabaki palepale. Yakipanda ghafla, neva haijazimwa, na kazi inasimama. Ganzi inaposhindwa, mara nyingi sababu ni kwamba dawa imekaa mbali na neva kwa milimita chache.

Paka si mbwa mdogo

Paka ana meno 30 dhidi ya 42 ya mbwa, ila tofauti inayoumiza watu iko kwenye mfereji wa taya la juu. Kwa mbwa mwenye pua ndefu mfereji huo ni mrefu kiasi cha kuipa sindano nafasi. Kwa paka una urefu wa milimita chache tu, na nyuma yake hakuna mfupa wa kulikinga jicho: sakafu ya jicho la paka ni nyama laini. Anayesukuma sindano kwa umbali aliouzoea kwa mbwa anaweza kulitoboa jicho kutokea chini. Matukio hayo yameripotiwa, na paka amepoteza jicho kwa ajili ya jino. Mbwa wenye pua bapa, kama Pug, wana mfereji mfupi pia na wanastahili tahadhari ileile. Kwa paka ncha ya sindano inaishia mlangoni mwa tundu, imelala sambamba na kaakaa, na kidole ndicho kinachosukuma dawa ndani.

Jambo la pili haliko kwenye sindano lakini linatokea katika kazi hiyohiyo. Ili kuufikia mdomo wa nyuma, watu huuachamisha mdomo wa paka kwa springi inayotanua taya. Damu inayolisha ubongo na macho ya paka hutegemea sana mshipa wa taya la juu, na mdomo ukiachamishwa mno kwa muda mrefu mshipa huo unabanwa. Paka wamezinduka wakiwa vipofu au viziwi, wengine wasipone. Springi hizo zisitumike kwa paka. Kipande kifupi cha plastiki kati ya chonge na chonge, kwa muda mfupi, kinatosha.

Punda anayetibiwa amesimama

Wenye wanyama wengine huuliza kwa nini mnyama asitiwe ganzi tu bila kulazwa, kama mtu kwenye kiti cha daktari wa meno. Kwa mbwa na paka haiwezekani: hawatulii, maji na damu vinaweza kuingia mapafuni, na chini ya ufizi hapaonekani kitu. WSAVA, chama cha dunia cha madaktari wa wanyama wadogo, kinapinga waziwazi kazi ya meno bila nusukaputi. Utafiti mkubwa wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2008 ulikuta vifo vinavyohusiana na usingizi ni asilimia 0.17 kwa mbwa na 0.24 kwa paka, hatari ndogo kwa mnyama aliyepimwa vizuri.

Farasi na punda ni habari tofauti. Utafiti mwingine wa aina hiyo, wa mwaka 2002, ulikuta farasi wasio na msokoto wa tumbo wanakufa kwa kiasi cha asilimia 0.9, karibu mmoja kwa kila 100. Mwili mzito ulalao chini unabana misuli na mapafu yake mwenyewe, na kuinuka baada ya usingizi kunaweza kuvunja mguu. Kwa hiyo meno yao yanatibiwa mnyama akiwa amesimama, kichwa kimeegemezwa, ametulizwa kwa dawa kama detomidini, na hapo sindano ya neva inabeba mzigo wote wa maumivu. Neva ni zilezile na matundu ni yaleyale, ila kichwa ni kirefu na sindano nayo ni ndefu. Kwa punda wa mizigo, wawe wa Lamu au wa mashambani, meno yanayoendelea kuota milimita 2 hadi 3 kwa mwaka huacha kingo kali zinazokata mashavu na ulimi. Kupiga tupa kingo hizo hakuhitaji ganzi ya neva. Kung'oa gego lililooza hadi kwenye uwazi wa pua kunaihitaji kabisa.

Mwenye mnyama ana mambo machache ya kuangalia akifika nyumbani. Ganzi ya bupivakeini huisha usiku wa siku hiyohiyo, kwa hiyo dawa ya kuzuia uvimbe, kwa mfano meloksikamu, itolewe kwa saa iliyoandikwa bila kusubiri mnyama aonyeshe maumivu. Chakula kiwe laini na kisiwe cha moto, kwa sababu mdomo uliokufa ganzi hautambui kuungua. Mbwa akisugua uso mkekani au kuachia mate upande mmoja jioni ile, ni kawaida. Akionekana anatafuna ilhali hana kitu mdomoni, mfungue mdomo uutazame ulimi, na ukiona damu mpigie daktari usiku huohuo.